Pateni ya simu au ya karatasi: kisa cha masweta 60 ya chekechea

Kikundi na oda

Kikundi hiki kina akina mama 11, wa kijiji kimoja cha milima ya Uporoto mkoani Mbeya. Ni juu ya mita 2,000, mahali ambapo Juni ikifika hakuna mtoto anayetoka nje asubuhi bila sweta. Majina nimeyabadili, na yanayoweza kukitambulisha kijiji nimeyaacha. Mimi nilikuwa mwezeshaji wao, kwa hiyo baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu.

Wanafuma kwa sindano mbili za mkono. Mashine hawana. Wawili wanafuma pia kwa sindano ya kroshia, ile ile ya vitambaa vya makochi. Wote walijifunza kwa kuangalia: mtu anakaa karibu na shangazi yake, anaiga, anafumua, anaiga tena. Sweta lilitoka kichwani au kwa kulipima sweta jingine lililokwishafumwa.

Katikati ya Aprili ikaja oda kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Shule ya chekechea ilitaka masweta 60 yafike siku ya kufungua shule, mwanzoni mwa Julai: 38 ya saizi ya miaka 4 na 22 ya miaka 6. Rangi ni bluu iliyokolea, na kifuani upite mkanda wa vilele vya milima wenye kijani na damu ya mzee. Zaidi ya hapo, kofia 20 za kroshia kwa darasa la wadogo.

Masweta 60 yafanane, yametoka mikononi mwa watu 11. Hapo ndipo suala la pateni, yaani maelekezo ya kufuma yaliyoandikwa, lilipoingia, maana kufuma kwa kichwa kunatoa vichwa 11.

Njia zilizokuwa mezani

Bibi Tusa, mkubwa wao kwa umri, alileta kijikaratasi cha Kiingereza alichopewa misheni akiwa msichana. Kimekuwa cha manjano, kimekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka. Kinataka uzi kwa aunsi na sindano namba 8. Juu yake, kila penye mfuatano wa namba, kulikuwa na duara dogo la penseli. Tulikiangalia kwa heshima, tukakiweka pembeni, kwa sababu hakikuwa na mkanda wa kifuani. Yale maduara sikuyauliza. Ningeyauliza, nusu ya kisa hiki isingekuwepo.

Njia ya pili ilikuwa kuagiza kitabu kilichochapwa kutoka Dar es Salaam. Hakuna aliyejua kitabu gani, na muda ulikuwa mfupi.

Ya tatu niliileta mimi: pateni ya kidijitali, faili la PDF linalouzwa mtandaoni. Binti wa mhazini anasoma chuo Iringa na ana kadi ya malipo ya simu. Alipata pateni ya mbunifu mmoja wa Marekani yenye mkanda unaofanana na walioutaka, dola 6, kama shilingi 16,000 kwa wakati ule. Kurasa 14, saizi tano, michoro ya rangi. Tukanunua.

Kabla ya kuligawa faili tulisimama kidogo, na hilo nalihesabu kwenye mazuri. Mtu mmoja amenunua, watu 11 wanataka kutumia. Pateni ni kazi ya mtu, inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 kama kazi nyingine za kubuni. Binti alimwandikia mbunifu, akaeleza kikundi ni cha namna gani. Jibu lilikuja siku ya tatu: tengenezeni nakala 11, uzeni masweta, faili lisitoke nje ya kikundi. Barua fupi, na watu wengi hawaiandiki kwa kudhani watanyimwa.

Wiki mbili za simu

Faili likatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Sita walikuwa na simu za tachi, watano walikuwa na vitochi. Tukapanga kila mwenye kitochi akae na mwenye simu kubwa. Kwenye mpango ilionekana vizuri.

Siku moja nilikaa na Mama Neema jikoni kwake, mvua ya Aprili inapiga bati. Sindano mkononi, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Anasoma mstari, anafuma vitanzi kumi na kitu, anainua macho: kioo kimezimika. Anaachia sindano ya kulia, anagusa kwa kidole chenye unga, kioo kinawaka lakini ukurasa umeruka. Anautafuta. Akirudi kwenye sindano, vitanzi viwili vimechomoka. "Hii simu ingekuwa na adabu ya karatasi," akasema, "isingefumba macho mtu akiwa anasoma." Usiku ule umeme ukakatika, ukarudi siku ya pili yake jioni. Simu tatu kati ya sita zilikuwa zimezima kabisa.

Kuna dawa ya kioo kuzimika: unaingia kwenye mipangilio na kuongeza muda wa mwanga. Niliwaonyesha, na chaji ikaanza kuisha adhuhuri badala ya usiku.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa limejificha. Pateni za siku hizi huandika saizi zote kwenye mstari mmoja: ya kwanza nje ya mabano, nyingine ndani. Mstari wa kuanzisha mgongo ulisomeka 64 (70, 76, 82, 88), yaani miaka 2, kisha 4, 6, 8 na 10. Saizi ya miaka 4 ni namba ya pili kwenye mstari, lakini ni ya kwanza ndani ya mabano. Tulipokubaliana kwamba "sisi ni namba ya pili", wengine walihesabu kuanzia mwanzo wakapata 70, wengine wakahesabu ndani ya mabano wakapata 76. Kwenye ukurasa mzima jicho lingeona kichwa cha saizi pale juu na kujisahihisha. Kwenye simu, ukikuza maandishi yasomeke, kichwa kinatoka nje ya kioo. Migongo miwili ilianzia saizi ya 6 na kwapa zikapunguzwa kwa saizi ya 4. Iligundulika wakati wa kuunganisha.

Sindano nazo zilituponza. Faili lilisema namba 6, za Kimarekani, na pembeni kwa herufi ndogo: mm 4. Mmoja wao, Subira, hakuiona ile pembeni. Alichukua sindano za marehemu mama yake zilizogongwa namba 6, lakini hizo ni za mfumo wa zamani wa Kiingereza, ambako 6 ni mm 5 na mm 4 huitwa namba 8. Kwa kipimo cha pateni, vitanzi 22 hutoa sentimita 10. Kwa sindano zake vitanzi 18 tu vilijaza sentimita hizo hizo. Vitanzi 76 vilivyotakiwa kutoa mgongo wa sentimita 34 na nusu vikatoa 42. Sweta zima likapanuka kwa zaidi ya sentimita 15, na sasa linavaliwa na mwanawe wa darasa la tano.

Hapa karatasi na simu vyote havina hatia. Subira hakufuma kile kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10, na mimi sikumlazimisha mtu kukifuma. Kilionekana ni kupoteza uzi.

Wiki ya tatu: steshenari

Tukaamua kuchapisha. Mhazini alibeba faili kwenye flashi hadi mjini, na aliporudi alisimulia maongezi yenyewe. Kijana wa steshenari alimwamkia, akauliza, "Mama, nikutolee kurasa mbili kwa karatasi moja? Itakuwa nafuu." Mhazini akajibu kama mhazini yeyote angejibu: "Toa hivyo hivyo, mwanangu. Na rangi usiweke, nyeusi inatosha."

Karatasi 7 kwa kila mmoja, jumla 77, kwa shilingi 200 ni 15,400. Karibu bei ya pateni yenyewe.

Hasara ilikuwa kwenye mchoro wa mkanda. Kijani na damu ya mzee ni rangi mbili ambazo macho hayawezi kuzichanganya, lakini zikipita kwenye mashine ya nyeusi na nyeupe zinatoka kijivu kile kile. Na mchoro wenyewe umepunguzwa nusu, vyumba vyake vidogo kama punje za ulezi. Watu watano walibahatisha, wakaweka kijani chini na damu ya mzee juu. Wawili waligundua mapema wakafumua. Watatu walikuwa wamemaliza.

Kofia

Pateni ya kofia ilikuwa ya bure, tumeipata mtandaoni, na ilitaka fundo liitwalo "double crochet". Mama Neema alifundishwa kroshia na mtu aliyejifunza kwa vitabu vya Uingereza. Kwa Waingereza jina hilo ni fundo fupi. Kwa Wamarekani jina hilo hilo ni fundo refu, lile ambalo Mwingereza analiita "treble". Kofia yake ya kwanza ikatoka ngumu, ya chini, kama kibandiko cha kichwani.

Alama ya kuzitofautisha ipo, na ningependa kila mfumaji aijue kabla hajagusa uzi: pateni ikitaja "single crochet" au kifupisho "sc", ni ya Kimarekani, kwa sababu Waingereza fundo lenye jina hilo hawalitumii. Pateni zenye michoro ya alama zinaepuka tatizo hili kabisa, kwani alama ya fundo refu haina uraia.

Kikao cha wiki ya nne

Kikao kilifanyika nyumbani kwa Bibi Tusa. Zilikuwa zimebaki wiki saba na masweta yaliyokamilika bila dosari hayakufika 12. Lawama zilianza kuzunguka, kwanza kwa kijana wa steshenari, halafu kwa simu, halafu kwa jicho la pembeni kwangu.

Bibi Tusa akakitoa tena kile kijikaratasi. "Mwalimu, hukuuliza kwa nini nimezungushia hizi namba." Nikamwambia sikuuliza, bibi, shikamoo na samahani. Akaeleza: kila alipotaka kufuma, alikaa kwanza kwenye kiti na penseli, akapitia karatasi yote toka juu hadi chini akizungushia namba ya mtoto wake peke yake. Sindano hazikuguswa hadi amalize. Akipata mtoto wa saizi nyingine anafuta na kuzungushia upya. Karatasi ile imelea watoto wake saba.

Tulifanya kama yeye, ila tukaenda mbele kidogo. Tulichukua manila mbili za rangi tofauti: ya kijani kwa miaka 4, nyeupe kwa miaka 6. Kwenye kila moja tuliandika kwa mkono, kwa Kiswahili, maelekezo ya saizi moja tu: anzisha vitanzi 70, ukingo unaovutika sentimita 5, badili sindano, na kuendelea. Hakuna mabano. Sindano zikaandikwa kwa milimita, bila namba. Kila mmoja akanakili kadi zake mwenyewe, nasi tukasomeana kwa sauti, mmoja anasoma faili kwenye simu na mwingine anahakiki kadi. Kunakili kulikula alasiri mbili. Waliolalamika kwamba muda unapotea walikuwa watatu, na kwa kweli hata mimi moyoni nilikuwa wa nne.

Mchoro wa mkanda ulihamishiwa kwenye daftari la hesabu lenye vyumba. Badala ya rangi tukaweka alama: X kwa kijani, duara kwa damu ya mzee, chumba kitupu kwa bluu. Karatasi ya namna hiyo hata ikitolewa kivuli mara kumi haipotezi maana.

Mhazini alitaka kuuongezea mkanda mlima mmoja mkubwa wa nembo ya shule. Akauchora kwenye daftari, vyumba 30 upana na 30 urefu, mlima mzuri wenye ncha. Ulipofumwa ulitoka bapa kama chapati iliyokunjwa. Chumba cha daftari kina pande sawa, lakini kitanzi kina upana kuliko urefu: kwa uzi wetu, sentimita 10 zilibeba vitanzi 22 kwa upana na mistari 30 kwa urefu. Mlima wake ulipata upana wa karibu sentimita 14 na urefu wa 10. Ili kitu kitoke mraba ilibidi achore vyumba 22 kwa 30. Akauchora upya, mrefu na mwembamba kama mnara, na kwenye sweta ukakaa kama mlima.

Kadi ziliingizwa kwenye mafaili ya plastiki yanayoonyesha. Kibanio cha nguo kikabanwa pembeni, kinashushwa kila mstari unapoisha. Mtu akiitwa na mtoto au na jirani, akirudi anajua alipo. Simu haijanionyesha kitu cha kushindana na kibanio hicho.

Pale simu iliposhinda

Nisingependa msomaji aondoke akidhani simu ilitupwa. Kubeba uzi wa rangi ya pili nyuma ya kazi ni jambo ambalo hakuna kadi iliyoweza kulieleza. Nyuzi zilikuwa zinaning'inia ndefu kwa ndani, na vidole vya mtoto wa chekechea vingezinasa kila akivaa. Binti wa Iringa alituelekeza kwenye video moja. Tuliiangalia pamoja mara nne, kwa bando la mtu mmoja, tukisimamisha na kurudisha nyuma. Hapo wakaona: kila baada ya vitanzi vinne au vitano, uzi unaosubiri unapitishwa chini ya ule unaofanya kazi, unashikwa, safari inaendelea. Mkono uliona mkono. Ndivyo walivyojifunza tangu utotoni, tofauti ni kwamba shangazi yuko kwenye kioo.

Na kuna la marekebisho. Wiki ya sita mbunifu alituma barua pepe kwa wanunuzi wote: mkono wa saizi ya miaka 6 ulikuwa na kosa, kuongeza vitanzi kulitakiwa kila mstari wa 6 na si wa 8, na faili jipya liko tayari. Karatasi iliyochapwa isingepata taarifa hiyo kamwe. Lakini barua ilienda kwenye anwani ya binti peke yake, naye alikuwa kwenye mitihani. Aliiona baada ya siku 9. Mikono minne ilikuwa imefumwa, ikafumuliwa. Kijikaratasi cha Bibi Tusa hakijawahi kusahihishwa na mtu, ila kama kina kosa, yeye alishalizoea zamani.

Matokeo

Siku ya kufungua shule masweta 52 yalikabidhiwa, mengine 8 yakafuata baada ya wiki mbili. Yale matatu yenye mkanda uliogeuka mwalimu mkuu aliyapokea kwa punguzo la shilingi 2,000 kila moja. Kofia zote 20 zilifika. Nilipowauliza siku ngapi zilipotea kwa kufumua, kila mmoja akihesabu zake, jumla ilifika siku 31 za kazi. Kati ya hizo, zilizopotea baada ya kadi kuandikwa zilikuwa za ile mikono minne tu.

Ninavyoona

Niliingia nikiamini kuna kuchagua: dijitali ni rahisi kupata, karatasi ni rahisi kutumia, pima uzito uamue. Kumbe kununua na kufumia ni kazi mbili tofauti, na hakuna sababu zifanyiwe kwenye kitu kimoja. Faili lilitufaa kwenye kununua: mtu wa Uporoto alipata kazi ya mtu wa Marekani kwa siku moja bila posta, akaomba ruhusa, akaletewa marekebisho. Lakini faili limeandikwa kwa ajili ya kila mnunuzi, saizi zote, lugha ya mbali, mfumo wa sindano wa mbali. Aliyeshika sindano anahitaji karatasi ya mtu mmoja.

Kuchapisha tu hakukutosha. Zile karatasi 77 zilikuwa na mabano yale yale, Kiingereza kile kile, na zikapoteza rangi juu yake. Nikipewa kuchagua kati ya simu na nakala mbaya ya steshenari, nitachagua simu. Kilichoondoa makosa ni zile alasiri mbili za kunakili, ambapo kila mtu alilazimika kuelewa namba kabla ya kuiandika. Mama mmoja aliniambia alipofika kuanza kufuma, kadi alikuwa haiangalii sana.

Kosa langu la kupuuza penseli ya Bibi Tusa nalirudia kusimulia kwenye mafunzo mengine, na wenzangu wananicheka. Nilikuwa na simu yenye chaji na bando la mwezi, nikapendekeza kinachonifaa mimi.

Jambo moja bado halijakaa sawa. Kadi zikishaandikwa kwa Kiswahili, mtu wa kijiji cha jirani anaziomba, na mhazini hajui amjibu nini. Ruhusa ilikuwa ya nakala 11. Kwa sasa anawaambia wakajinunulie faili, kuandika kadi watawafundisha bure. Wengine wameelewa, wengine wamenuna.

Septemba imeingia oda nyingine, masweta 35 kwa shule hiyo hiyo. Kabla ya kununua uzi soko la Mwanjelwa, kila mmoja ameleta kipande chake cha sentimita 10 kwa 10, vikapangwa juu ya mkeka wa Bibi Tusa, na viwili vimerudishwa. Kadi nyeupe zote zina mstari uliokatwa kwa kalamu nyekundu penye mkono, namba mpya juu yake, na tarehe.